Kuhusu Vidole Vyangu Kumi Vilivyokataliwa na Bodi

Elvdal, ng'ambo ya daraja,
9 Februari

Kwa Wajumbe wa Bodi ya Wauguzi,
Ofisi ya Leseni,
Makao makuu ya jimbo lenu.

Waheshimiwa,

YAH: OMBI LA LESENI LENYE UMRI WA MIEZI MITANO, PAMOJA NA VIDOLE VYA MWOMBAJI

Natumaini barua hii inawakuta wazima na theluji haijawafungia milango. Huku kwetu baridi ni ya kawaida, gari linawaka mara ya tatu, hatulalamiki. Nasema hatulalamiki kwa sababu watu wa Elvdal hatuna desturi hiyo. Mtu akikanyagwa mguu hapa, yeye ndiye anayeomba radhi. Kwa hiyo mkiona nimeandika malalamiko, tena nimeyapa namba, mjue maji yamenifika shingoni.

Jina langu ni Ardis Kjelstad, muuguzi aliyesajiliwa, miaka thelathini na minne kazini. Kwa miaka kumi na tisa ya mwisho nimekuwa muuguzi wa kusafiri: hospitali ikipungukiwa watu inaniita kwa mkataba wa wiki kumi na tatu, nafungasha masanduku mawili na birika la kahawa, naondoka. Nimefanya kazi katika majimbo kumi na saba, jangwani na visiwani. Sasa nimeitwa na kliniki ya kusafisha damu ya Brandvold, iliyo jimboni kwenu. Kutoka jikoni kwangu hadi mlangoni kwake ni dakika sita kwa gari, ukivuka daraja. Safari fupi kuliko zote nilizowahi kupewa ndiyo iliyonishinda.

Mgonjwa mmoja wa kliniki hiyo ni mama yangu, Verna, mwenye miaka themanini na mitatu. Figo zake zimegoma, na mara tatu kwa wiki mashine ya Brandvold inafanya kazi badala yake. Muuguzi aliyebaki pale ni mmoja tu, Bi. Corliss Aune, ambaye ndiye msimamizi pia. Asipopata mwenzake kabla ya tarehe mosi Machi, kliniki itafungwa na wagonjwa wote kumi na mmoja watapelekwa mjini, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Mama ameshasema lake. "Siwezi kuumalizia uzee wangu kwenye kiti cha gari," aliniambia huku anamenya viazi. "Wakifunga, mwanangu, mimi nitakaa nyumbani." Mimi na ninyi ni watu wa fani moja. Tunajua mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi akikaa nyumbani anakaa siku ngapi. Naogopa, waheshimiwa, na nimeona niliseme hilo mapema ili yanayofuata yasidhaniwe utani.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Daraja. Leseni ya jimbo langu inakubalika katika majimbo mengi yaliyotia saini mkataba wa kuaminiana. Jimbo lenu halikutia saini. Sina neno, kila mtu na nyumba yake. Ila ningeomba kujua ni kitu gani humtokea muuguzi akiwa katikati ya daraja. Juzi nilisimamisha gari hapo, kwenye bango lenu la kukaribisha wageni, nikajipima. Nilikuwa bado nakumbuka kiwango salama cha potasiamu kwenye damu. Nikavuka, nikajipima tena. Bado nilikuwa nakumbuka. Gari la nyuma yangu lilisubiri muda wote huo bila kupiga honi, na mwenyewe akanipungia mkono.

2. Vidole. Sheria yenu inataka alama za vidole ili polisi wahakikishe kwamba sijawahi kumdhuru mtu. Naiunga mkono. Nilikwenda kituo cha polisi cha wilaya kwa askari Duane Mickelson, ambaye nilimfundisha shule ya Jumapili. Akaviweka vidole vyangu kwenye kioo cha mashine, kimoja kimoja. Mashine ikaonyesha ukungu. Akakifuta kioo, akarudia. Ukungu. Tumefanya hivyo Septemba, Novemba na Januari, na mara zote tatu ofisi yenu imejibu kwamba alama hazisomeki. Kunawa mikono mara themanini kwa siku, kwa sabuni na spiriti, kumefuta mistari yote. Duane alivigeuzageuza vidole vyangu kwenye mwanga wa dirisha, akaguna. "Dada Ardis," akasema, "umekosea kazi. Ungekuwa mwizi tusingekupata maisha."

Nikapiga simu ofisini kwenu. Baada ya dakika hamsini za kusikiliza kinanda alipokea binti mmoja mpole sana aitwaye Renae, ambaye naomba asikaripiwe kwa ajili ya barua hii. Akanisomea mwongozo: mwombaji ambaye vidole vyake havisomeki anashauriwa avipake mafuta na apunguze kunawa mikono kwa wiki mbili. Nilimwomba asome tena. Akasoma tena, kwa sauti ya chini kidogo. Kwa hiyo, waheshimiwa, ili nithibitishe kwamba nafaa kuwa muuguzi, niache kunawa mikono. Na yule ambaye hanawi kabisa, vidole vyake vinapita siku ya kwanza. Ningependa kujua mmeshawapa leseni wangapi kwa njia hii.

3. Adhabu. Ukurasa wa saba wa fomu unauliza kama mwombaji amewahi kuadhibiwa au kusimamishwa na mamlaka yoyote. Niliandika Ndiyo. Mwaka 1982 Mchungaji Lindaas alinisimamisha mafundisho ya kipaimara kwa wiki mbili kwa kosa la kucheka wakati wa sala ya toba. Naambiwa watu wa majimbo mengine wangeandika Hapana wakalala usingizi. Sisi huku neno "yoyote" tunalichukua lilivyo. Bodi ikanijibu kwamba faili langu limehamishiwa kitengo cha nidhamu, na kwamba nilete nakala ya hukumu yenye mhuri, pamoja na barua ya aliyeniadhibu kuthibitisha kwamba nimejirekebisha. Mchungaji Lindaas amelala nyuma ya kanisa tangu mwaka 1999. Nilikwenda kumwona hata hivyo, kwa kuwa barua yenu ilisema nionyeshe juhudi. Mama amejitolea kutoa ushahidi kwamba nilijirekebisha, ila anasema hataapa.

4. Kiti. Nyumbani kwangu, mimi ndiye ninayempima mama shinikizo la damu, ninampa dawa, ninabadilisha bandeji, na hakuna sheria inayonizuia kwa kuwa ni mtoto wake. Tukivuka mlango wa kliniki nageuka mgeni. Bi. Corliss amenipa kiti cha plastiki na beji iliyoandikwa MGENI, maskini, kwa aibu. Jumanne mashine ya mama ililia. Corliss alikuwa upande wa pili na mgonjwa aliyezimia. Mpira wa kupitishia damu ulikuwa umekunjika tu, nikiuona kwa macho yangu, jambo la sekunde mbili. Niliikalia mikono yangu, waheshimiwa. Niliikalia kweli, chini ya mapaja, isije ikanyanyuka yenyewe. Mama akanitazama. "Wewe Ardis," akasema, "si unaijua hii mashine?" Nikamwambia naijua, mama, ila si upande huu wa mto. Corliss akaja mbio akaunyoosha. Mama hakusema nami mpaka tulipofika nyumbani, na hata huko alisema na paka.

Kutokana na hayo, naleta maombi yangu, nikianza na lililo rahisi. Naomba Bodi iongee na wahusika ili mpaka wa jimbo usogezwe mita mia nne upande wenu, kliniki ibaki kwetu. Tutawapa kwa kubadilishana uwanja wa mpira wa magongo, ambao ni mzuri. Hilo likishindikana, leseni itolewe kwa viwiko vyangu. Viwiko ndivyo nifunguliavyo bomba, viko safi, na havijawahi kukataliwa na mamlaka yoyote.

Na kama hayo yote ni mazito, basi naomba lililo la haki kuliko yote: ukaguzi ufutwe. Mtu akifika na sura ya kiungwana akasema yeye ni muuguzi, aaminiwe. Kanisani kwetu, kwenye chakula cha pamoja, hakuna anayeomba alama za vidole za aliyeleta bakuli la viazi na nyama. Tunakula tu, na tangu nizaliwe tumeumwa mara moja. Watu ni wema. Muuguzi anajulikana kwa kumtazama. Ninyi mnaopekua mafaili mnawapotezea muda wagonjwa ambao hawana muda wa kupoteza, na siku mtakapoacha, wagonjwa watapona.

Naomba radhi kwa urefu wa barua hii na kwa ukali wake. Mnisalimie Renae, mzee anayefungua barua zenu, na yule aliyechagua muziki wa kinanda, maana sasa naupenda. Mama anawasalimu. Bi. Corliss anawasalimu pia, na anauliza jibu litakuja lini.

Ni mimi, kwa heshima zote na kwa mikono safi,

Ardis Kjelstad, muuguzi aliyesajiliwa (upande huu)

Tanbihi: Nilichelewa kuipeleka barua hii posta kwa siku mbili, na katika siku hizo limetokea jambo. Amefika Brandvold bwana mmoja kutoka kusini, Wendell Prather, mpole, mchangamfu, na kifaa cha kusikilizia moyo shingoni. Anasema yeye ni muuguzi wa kusafiri, leseni iko njiani, na vidole vyake havisomeki kwa ajili ya kunawa. Bi. Corliss alifurahi hadi akalia. Nilipomuuliza makaratasi ya huyo bwana yako wapi, akanisomea ile aya yangu ya watu ni wema, neno kwa neno, maana nilikuwa nimempa aikague. Bwana Prather akamsifu mama kwa sweta lake, akanyoosha mkono kuushika mkono wenye mshipa unaochomwa sindano za mashine. Hakunawa. Bomba lilikuwa nyuma yake, hatua mbili. Nikasimama kutoka kwenye kiti cha wageni, nikamshika kiganja kana kwamba namsalimu. Kilikuwa laini, na vidoleni mistari yote ilikuwepo.

Simsemi vibaya. Nawaomba tu mvichunguze vidole vyake vyote kumi, msiharakishe, na Corliss nimemwambia asimwanzishe kazi mpaka mjibu. Mimi nimepaka mafuta wiki mbili, tangu Renae anisomee ule mwongozo, na vyombo anaosha mama. Leo nimerudi kwa Duane mara ya nne. Kwenye benchi mama aliishika mikono yangu yote miwili, nisiifuate ile chupa ya spiriti ukutani. Alama zangu zikikataa tena, niiteni, nitakuja. Lakini msimpitishe mtu yeyote kwa sura yake, hata mimi, kwa sababu kwenye kiti cha pili kutoka dirishani anakaa mama yangu.