Dadu ya Kijani na Chumvi ya LaVonne

Jumatatu, 6 Novemba
Siku tano zimebaki. Jumamosi, kwenye chumba cha chini cha kanisa, Mtawa Osmund atapambana na joka darajani. Osmund ni mtu wa karatasi tu, mtu wa mchezo, najua. Lakini karatasi yenyewe iliandikwa na marehemu ndugu yangu Verlyn, kwa penseli, na mwaka wa sita huu namchezea mimi. Akifa, Ardis, msimulizi wetu, ataichana mbele ya wote. Ndiyo desturi ya meza yetu. Mwandiko wa Verlyn uchanwe! Ee Mungu.

Na dadu yangu ya pande ishirini ni janga. Juzi: tatu, mbili, nne. Joka halikupata hata mkwaruzo. Duane, mchezaji mwenzetu, akasema, mzee, hiyo dadu ipeleke shule ya Jumapili ikafundishwe kuhesabu. Wakacheka wote. Yeye anarusha za chuma. Zinachubua meza ya kanisa.

Jumanne, 7 Novemba
Dukani, wanakouza dadu. Binti muuzaji kanielekeza: kingo ziwe kali, rangi ya namba ijae, ndani kusiwe na kipovu. Yenye kipovu ni nyepesi upande mmoja, na upande huo hupenda kuja juu. Nikamwuliza zenye kipovu wanaziweka wapi. Akanitazama. Nikasema natania. Nimenunua kumi.

Jumatano, 8 Novemba
Unakoroga chumvi kwenye glasi ya maji mpaka dadu ielee, kisha unaipindua kwa kidole. Ikirudisha namba ileile juu kila mara, si ya haki. Tisa ni za haki. Ya kijani: ishirini. Nikaipindua. Ishirini. Mara kumi na nne! Nikapiga magoti palepale jikoni, nikamweleza Mungu kwamba sikuitengeneza mimi.

Mke wangu LaVonne akakuta kopo la chumvi tupu, na viazi vya karamu ya kanisa vinamsubiri. Tumekula hivyo hivyo. Mchungaji akasema chakula kina unyenyekevu. LaVonne hasemi nami.

Alhamisi, 9 Novemba
Wazo! Nimempigia Ardis simu kupendekeza kanuni: dadu unayoanza nayo ndiyo unayomaliza nayo. Kwa ajili ya haki, nikasema. Kwa kweli ni kwa ajili ya Duane, anayebadilisha dadu kila ikimnunia. Ardis akasema nina moyo safi. Nimesoma zaburi mbili.

Jumamosi, 11 Novemba
Ishirini ya kwanza: jicho la joka. Ya pili: bawa. Duane akauliza, mzee, leo umeoga maji gani? Nikasema ya kawaida.

Joka likaanguka, likakata daraja. Ardis akasema Osmund ashike kamba. Tunafuata kanuni za zamani, alizozipenda Verlyn: ukipiga, unataka namba kubwa, ukishika kamba, unataka ndogo. Kumi na mbili au chini yake, anaishi. Miaka thelathini nalijua hilo! Dadu yangu mbovu ilikuwa mfukoni, na tatu zake, na mbili zake. Nikaomba kubadilisha. Ardis akanikumbusha kwa upole kanuni ilikuwa ya nani.

Ishirini.

Hakuna aliyecheka. Ardis akaishika karatasi aichane. Duane akasimama. Ngoja dada, maiti umeiona? Ardis akasema bondeni kuna ukungu. Basi haichanwi, akasema Duane. Jumamosi ijayo mtu wake wa mchezo atashuka na kamba, Osmund arushe mara moja tena, kumi na mbili au chini. Verlyn hatumwachi kule.

Kisha akanipa dadu yake ya chuma. Kwetu dadu haikopeshwi, hata kwa mke. Nikaifunga kwenye leso yangu.

Jumapili, 12 Novemba
Nimetubu kwa machozi, benchi la mbele. LaVonne amenisamehe. Baada ya ibada nimenunua chumvi, pakiti mbili, yangu mwenyewe safari hii. Nikaanza na dadu ya Duane. Ikazama. Nikaongeza chumvi. Ikazama tena. Kitu kisichoelea utakiaminije?

Kesho narudi dukani. Lazima ipo inayopenda namba moja.