Mawimbi Yenu Yanaruka Paa Langu

Duka la Ushonaji,
Mlango wa pili baada ya kinyozi.

Kwa Ndugu Meneja wa Kituo cha Redio,

YAH: KUNYIMWA MAWIMBI MIMI PEKE YANGU MTAA MZIMA

Ndugu Meneja, natumaini barua hii inakukuta u mzima, wewe na mitambo yako. Mimi pia ni mzima, isipokuwa shingo, ambayo imekaza kwa kutazama paa wiki tano mfululizo. Sikuandikii kwa ugomvi. Mimi ni fundi cherehani, mtu wa kufikiri kabla ya kukata, na wateja wangu watakuambia kwamba huwa nafikiri muda mrefu kuliko walivyoahidiwa.

Shida yangu ni moja. Kila siku saa tatu asubuhi kuna msichana anayesoma habari na kuendesha kipindi cha salamu hapo kwenu. Msichana huyo ni kitindamimba wangu. Ana miezi minane kituoni, na mimi baba yake sijamsikia hata neno moja. Nimefanya utafiti wa kina na nimeridhika kwamba kosa ni lenu. Nayaweka malalamiko yangu kwa namba, kama vifungo vya shati, ili usiruke kimoja ukapotea.

1. Naanza na antena yangu, usije ukasingizia vifaa. Nimeitengeneza kwa mikono hii. Ni mabomba mawili ya alumini niliyoyakata kwenye fimbo ya pazia la sebuleni. Pazia sasa limepigiliwa misumari, na mke wangu hajasema neno, jambo linalonitia wasiwasi kuliko kama angesema. Kila bomba lina inchi ishirini na tisa, sawasawa na mguu wa suruali ya mtu mzima mfupi. Nilipima mara tatu. Nimeyafunga kwenye ubao, moja kulia na moja kushoto, yameachana kidogo katikati, kama mikono ya mtu anayepimwa koti, na ubao umekaa juu ya mlingoti wa futi kumi na mbili. Kutoka hapo katikati inashuka kebo ya koaksi, ile nene nyeusi ya kuunganishia runinga, mpaka dirishani, mpaka kwenye redio iliyo juu ya meza yangu ya kukatia.

Kebo hiyo, kama huijui, imevaa vizuri kuliko wengi wetu. Ndani kabisa kuna waya mmoja wa shaba, juu yake plastiki nyeupe, juu ya plastiki wavu wa nyuzi nyembamba za shaba, halafu koti jeusi la nje. Fundi redio wa pale kona alikuja dukani akanieleza mambo matatu. La kwanza, waya wa ndani uende bomba la kulia. La pili, wavu uende bomba la kushoto. La tatu alilisema nikiwa nakanyaga cherehani, nikaitikia kwa kichwa. Yale mawili nimeyafuata kwa uaminifu wote. Lakini kwenye ncha ya upande wa redio, nilipoivua kebo koti lake, nikakuta nyuzi za wavu zimetawanyika huku na huku, zinaning'inia. Ndugu Meneja, miaka thelathini na moja sijatoa kazi mlangoni nyuzi zikining'inia. Nikazikusanya zote, nikazisokota pamoja na waya wa ndani, nikazizungushia uzi mweusi namba arobaini, nikakunja pindo. Nakuhakikishia kwamba hujawahi kuona kebo yenye pindo. Pamoja na unadhifu wote huo, redio inatoa mvumo tu, kama maharage yanayochemka.

2. Kinyozi, ambaye ukuta wake ndio ukuta wangu, anawapata safi. Redio yake haina antena. Ilivunjika zamani, naye amechomeka henga, ule waya wa kutundikia nguo. Henga hiyo ni yangu. Aliiazima siku ya kwanza ya kipindi cha binti yangu bila kunieleza anaitakia nini. Sasa niambie, mawimbi yanatoka kwenye mnara wenu yanafikaje kwa kinyozi bila kupita juu yangu? Yanapita. Yanaiona antena yangu imenyoosha mikono, yanairuka, yanakwenda kutua kwenye henga yangu mwenyewe kwa mtu mwingine. Kama huo si ubaguzi, basi sijui ubaguzi ni nini.

3. Nimelazimika kuihamishia cherehani yangu kwenye ukuta wa kinyozi. Watu nimewaambia nafuata mwanga, ingawa upande huo hauna dirisha. Ninachopata ni sauti ya mtu anayesema ndani ya mtungi, na kisha wateja wake wanacheka. Ndugu Meneja, inauma sana watu wakicheka alichosema mwanao, na wewe uliyemzaa hujui wanacheka nini. Juzi walicheka mpaka mmoja akaomba mashine izimwe asije akanyolewa sikio. Nikaacha kushona, nikabandika langu ukutani, na hapo hapo kinyozi akaiwasha mashine tena.

Utaniuliza kwa nini nisiingie tu kwa kinyozi kama binadamu wengine. Siwezi. Niliapa nikiwa nimekaa kwenye kiti chake, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, mbele ya watu sita, kwamba redio yenye mwanangu ndani yake sitaisikiliza. Tangu siku ile sijarudi kunyoa. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Mimi nimegundua kwamba hata fundi cherehani hajinyoi, maana nilijaribu kwa mkasi wa kitambaa, na sasa navaa kofia hadi mezani.

4. Mmeingilia ndoa yangu. Mke wangu anamsikiliza binti yetu kwa simu, ameweka vidude masikioni, jikoni, anamenya viazi huku anacheka peke yake. Nikitokea anajikaza. Nikimwuliza kuna nini, anasema hakuna kitu. Ningemwomba anipe kidude kimoja, masikio yangu si makubwa, lakini mtu aliyeapa mbele ya watu sita anaanzia wapi kuomba kidude? Na binti akimpigia mama yake simu, mimi hutoka nje kuukagua mlingoti. Mlingoti ule umekaguliwa kuliko daraja lolote.

5. Hapa inabidi nikueleze chanzo, maana mficha uchi hazai.

Binti huyu nilimfundisha kazi mwenyewe. Akiwa na miaka kumi alikuwa akikunja pindo lililonyooka kuliko langu, nami nilijivuna nalo kama ni langu. Nikamnunulia cherehani yake. Ipo hadi leo kando ya yangu, imefunikwa. Siku aliyokuja kuniambia amepata kazi kituoni kwenu nilikuwa nimeshika koti la bwana harusi na pini zimejaa mdomoni. Ningeziacha pini mdomoni, leo tungekuwa tunasikilizana vizuri. Lakini nilizitema zote kwenye kiganja ili niseme kwa ufasaha. Nikamwambia kusema si kazi, ni maradhi ya mdomo. Akanijibu kwa adabu, na ile adabu ndiyo iliyonimaliza. Nikamwambia, "Ukivuka kizingiti hicho, sauti yako nisiisikie tena humu ndani."

Akavuka. Na kweli siisikii. Agizo langu mmelitekeleza kikamilifu kwa miezi minane, na malalamiko yangu makubwa kuliko yote ni kwamba hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza kama nilimaanisha.

6. Kwa sababu hizo naomba hatua zichukuliwe mara moja. Binti yangu asomapo habari, akalishwe akitazama upande wa mtaa wetu. Najua sauti hupitia kwenye mitambo, lakini kumgeuzia mtu kiti hakuharibu kitu. Pia aongeze sauti kidogo. Nyumbani alikuwa na sauti ya chini, sisi ndio tuliomlea hivyo, na kosa hilo nalikubali bila masharti.

Kama hayo hayatoshi, mnara wenu usogezwe. Kama mnara ni mzito, basi kilima kilicho kati yetu nanyi kipunguzwe kiunoni. Kupunguza kiuno ni kazi yangu. Nitakuja mwenyewe kuwachorea chaki pa kukata. Na kama kilima nacho kina wenyewe, basi mmebaki na njia moja nyepesi: kituo kizima kihamie hapa dukani kwangu. Mitambo itakaa chini ya meza ya kukatia, ambako sasa kuna vipande tu vya bitana. Vitambaa humeza mwangwi, nasikia nyinyi huwa mnavitafuta. Binti yangu atakaa kwenye ile cherehani ya pili, meza yake ni imara, inabeba kipaza sauti bila kutikisika. Mimi nitaendelea na kazi zangu kimya kimya, nimempa mgongo, na sitaingilia matangazo hata kidogo, labda tu akivaa kitu chenye mshono uliofumuka.

Naamini utanitendea haki, kwa kuwa wewe pia, kama si mzazi, basi ulizaliwa na mmoja. Nisalimie wasomaji habari wote, mafundi mitambo, mlinzi wa getini, na yeyote anayewachemshia chai. Binti yangu pia msalimie, ila umsalimie kwa jumla, pamoja na wenzake, asijue salamu zimetoka upande gani.

Ni mimi mnyimwa mawimbi, mwenye shingo iliyokaza,
Fundi Cherehani.

Tanbihi: Nilikuwa natafuta bahasha mke wangu alipoingia dukani. Ameisoma barua hii yote akiwa amesimama, kisha akaniuliza lile jambo la tatu la fundi redio lilikuwa lipi. Nikamwambia silikumbuki. Akasema yeye alikuwepo na analikumbuka: waya wa ndani na wavu visigusane hata kidogo, maana vikigusana redio haipati kitu. Akachukua wembe, akalifumua pindo langu uzi kwa uzi, nyuzi za wavu akazirudisha nyuma, waya wa ndani akauacha peke yake. Zinaning'inia vibaya mno. Nikamwuliza kwa nini alikaa kimya wiki zote tano ananiangalia nikipanda na kushuka ngazi. Akasema nilikuwa sijamwuliza.

Kwa hiyo namba moja ifute, na za chini yake zilizoegemea namba moja nazo zifute. Kilima kiacheni. Kinyozi nitamwomba radhi mwenyewe, na hizi nywele zitanipa kisingizio cha kuingia.

Alipomaliza, mvumo ukakatika na redio ikasema. Ilikuwa saa tatu na dakika nane. Binti yangu alikuwa anasoma habari ya barabara inayofungwa kwa matengenezo, na sikujua kwamba barabara inaweza kusomwa vizuri namna ile. Nilikaa. Katikati ya habari hiyo akakohoa. Akaomba radhi, akaendelea, akakohoa tena. Kikohozi kile nakijua, Ndugu Meneja. Ni cha kifuani, humpata kila mvua zinapoanza, na nina hakika mmemkalisha chini ya kiyoyozi. Kipindi kilipokwisha nikaichukua simu ya mke wangu, nikampigia, na bila hata ya salamu nikamwambia achemshe maji ya tangawizi na afunge kitambaa shingoni.

Akaniuliza taratibu, "Baba, umejuaje kwamba nakohoa?"

Mistari hii naiandika nikiwa nimeiziba simu kwa kiganja. Yeye yuko upande wa pili anangoja jibu, mama yake amesimama mlangoni ananitazama, na mimi kila uongo ninaoujaribu haunikai. Basi ngoja niiweke kalamu chini, nimwambie.