Kamba ya Nguo na Mukia wa Ndege

Jumatatu, 3 Juni
Delphin, mutoto wangu wa mwisho, miaka arubaini na ndevu, anajenga ndege nyuma ya jiko langu hapa Nyakasanza. Mabawa iko tayari. Inabaki kable ya kuvuta mukia, ile rubani anasukuma kwa muguu ili ndege igeuke. Jumapili anataka kuiinua. Roho yangu imeshapaa mbele yake.
Bokilo Gracieuse, mama ya muke wake, ameleta kable ya inox, chuma kisichoshika kutu, kutoka Bambu. Inang'aa kama meno ya pasta. Eti zawadi. Zawadi! Anataka watu waseme ndege ni yake.

Jumanne
Dawa yake nimeipata. Kable yangu ya kuanikia nguo! Miaka kumi inabeba mablanketi yenye maji, haijalia. Nikaishusha. Delphin akasema, Mama, kable ya mukia inapita kwenye puli, kale kagurudumu ka kuizungushia, inapinda na kunyooka mara elfu. Nikamwambia hata mugongo wangu unapinda na kunyooka, na uko hapa.
Nguo sasa zinakauka juu ya bawa.

Jumatano
Delphin anasema fundi anapima kable kwa kitambaa. Unapangusa polepole, uzi wa chuma uliokatika unakamata. Vizuri sana! Nimemwita bokilo kesho, aje na kile kitambaa kipya cha kichwa anachotuvimbia nacho kanisani. Inox yake ikipasue mbele ya macho yake. Nimecheka mpaka bugali ikaungua.

Alhamisi
Aibu! Kwenye inox kitambaa kilipita kama mafuta. Kwenye yangu: kraa! kraa! kraa! Matundu matatu. Gracieuse akasema kable yangu iko na njaa, niipe hata muhogo. Majirani walishika mbavu.
Kisha Delphin akanionyesha pale musumari wa kuifungia ulipoikunja. Nyuzi zimekatika ndani, inashikwa na kutu tu. Akasema kule juu ingekatika. Hakucheka. Na mimi sikucheka. Nilimushika mukono kama wakati ule angali ananyonya. Mimi na bokilo tukaifunga inox, nikamuomba samahani. Kwa sauti ndogo.

Jumamosi
Nimeapa: mambo ya ndege nawaachia wenye kuyajua.
Lakini mukaba wa kiti! Gracieuse ameleta mukaba wa gari. Wa gari, kwa ndege! Mimi niko na kikwembe kile nilichomubebea Delphin mugongoni mpaka Djugu na kurudi. Hakuanguka hata siku moja. Nimeisha kukishona kwenye kiti.
Kimechanika kidogo tu.