Vumbi Lisilovuka Uzio

Umma unatangaziwa kwamba vumbi la jangwa letu, pale yalipolipuliwa mabomu ya nyuklia mwaka 1960, ni vumbi lenye adabu. Halivuki uzio. Ndivyo lisemavyo bango la Ofisi ya Utulivu wa Vumbi, na aliyeliandika ni mkuu wa ofisi mwenyewe, Si Slimane Bahous (kwetu "Si" ni Bwana, kama "Lalla" ilivyo Bibi), mtu ambaye hajapata kuona karatasi akaacha kuipiga muhuri.

Kwa bango hilo alikuwa amemkatalia Lalla Mebarka mara kumi na moja. Mama huyu alikuwa na uvimbe shingoni, akaomba barua ya kwenda kutibiwa Algiers kama mtu aliyedhuriwa na mabomu. Lakini nyumba yake iko kilomita arobaini nje ya uzio, kwa hiyo kitaalamu hawezi kuugua.

"Mwanangu, upepo ukivuma nafagia vumbi hadi kitandani."

"Hilo ni vumbi jingine, Lalla. Halina uhusiano na ofisi hii."

Mara ya kumi na mbili Lalla Mebarka alimkuta mgeni ofisini, Bwana Delorme, ametumwa na serikali ya waliolipua. Mapajani alikuwa amepakata chupa ya vumbi jekundu. Lilikuwa limeangukia theluji ya milima ya kwao, likapimwa, likakutwa na mabaki ya mionzi. Serikali yake, kwa heshima zote, ilikuwa inalirudisha kwa wenyewe.

Si Slimane alijawa na furaha. Ofisi yake haijawahi kupokea mzigo wa kimataifa! Akammiminia mgeni glasi ya kwanza ya chai, akagonga muhuri nakala tatu, pa, pa, pa. Kwa kanuni aliyoitunga mwenyewe, nakala ya tatu ni ya mwananchi aliyeshuhudia.

"Nisomee, macho yangu hayaoni vizuri," alisema Lalla Mebarka.

Si Slimane akasoma kwa sauti ya khatibu wa Ijumaa: "Tunakiri kupokea vumbi lenye mionzi, lililopeperuka kutoka kwetu."

"Limevuka bahari?"

"Bahari nzima, Lalla!"

"Na uzio je?"

Mgeni akachungulia glasi yake. Si Slimane alitazama bango, akatazama muhuri wake, wino ungali mbichi. Nje upepo ukaanza kuvuma na mlango ukajifungua. Wakubwa wote wawili wakaziba pua kwa mikono.

"Tulieni, wanangu. Hili ni lile lenye adabu." Lalla Mebarka akaiweka mezani barua yake ya kumi na mbili ya maombi.

Si Slimane aliipiga muhuri wa kukubali kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa bado puani. Moyo wa mama yule ulitua, akaikunja barua na kuitia kifuani. Alipofika mlangoni, Bwana Delorme akamwita kwa sauti ndogo. Chupa ile alikuwa ameipakata siku mbili, na kifuniko hakibani.

"Mama, na mimi naomba wapi?"

"Fomu zile pale, mwanangu. Ila wewe unakaa mbali na uzio. Watakukatalia."