Hewa ya Kukaa

Shivachi alikipata kizibao kile Soko la Toi, chini kabisa ya rundo la mitumba. Kilikuwa cha kijani, chenye mifuko minane, na mgongoni kimeandikwa kwa Kiingereza mambo ya tabianchi. Mtu mwingine angeona nguo ya kuoshea gari. Shivachi aliona ofisi. Tuseme ukweli: kazi aliikimbia tangu ujana, na kazi nayo, kwa heshima, ikaacha kumfuata.

Asubuhi hiyo hiyo alikuwa mtaa wa Kisumu Ndogo, mbele ya Risper, mama aliyekaanga dagaa wa omena kando ya njia na kusomesha watoto watatu kwa jiko moja la makaa. Shivachi akamweleza kwamba hewa inayotoka kwenye makaa inapanda juu na kuifunika dunia kama blanketi, joto likakosa pa kutokea, ndiyo maana mvua inakuja siku isiyo yake na mto unaingia nyumbani bila hodi. La ajabu, yote hayo yalikuwa kweli. Aliyasikia kwenye redio ya kinyozi. Uongo ulianza aliposema kuna wazungu wanaokusanya majiko ya zamani wayapime, na Jumamosi kila mama atapewa jipya, na pesa juu.

"Hiyo ndiyo tunaita hewa ya ukaa, mathe," alimaliza.

"Hewa ya kukaa?" Risper aliuliza. "Kwani tutalipwa juu ya kukaa hapa? Mimi nimekaa miaka ishirini na mbili."

Shivachi nusura acheke. Samaki alikuwa amejileta mwenyewe kwenye karai. "Hiyo hiyo. Ukikaa sana, unalipwa sana."

Risper akawaita majirani, na kufikia saa sita majiko yalikuwa kumi na mawili. Aliuliza swali moja tu: yanapelekwa wapi? Shivachi akajibu kwamba maabara iko Kawangware. Risper akaitikia kwa kichwa, mpole kabisa, akaenda nyuma ya nyumba na simu yake.

Maabara yenyewe ilikuwa kibanda cha Wanzala, fundi wa mabati katika mtaa wa Kongo, huko huko Kawangware, ambaye hununua vyuma vikuukuu na hana mazoea ya kuuliza vimetoka wapi. Shivachi akakodi mkokoteni wa bwana mmoja aliyeitwa Okeyo, akalipa mapema, akaacha kitambulisho kama kila anayekodi. Akausukuma mwenyewe, maana mwizi mwenye busara haajiri shahidi. Jua lilimchoma hadi akaanza kuyaamini mahubiri yake.

Wanzala alikuwa mlangoni akimsubiri.

"Umechelewa, ndugu yangu. Risper alinipigia; anajua vyuma vya Kawangware vyote huishia kwangu. Ni kumi na mawili, sivyo?"

Kisha akafunga gurudumu la mkokoteni kwa mnyororo na kueleza polepole. Akina mama wale walitaka majiko yao yawekwe vikombe vya udongo ndani, yashike moto vizuri na kula makaa kidogo. Hela ya fundi walikuwa nayo tangu mwezi uliopita. Walichokosa ni mtu wa kusukuma.

Shivachi akasema basi, mkokoteni na ubaki, yeye anaenda zake.

"Ni wa bwana yake Risper," Wanzala alisema. "Si ndiye ako na kitambulisho chako?"

Shivachi akauachia mpini wa mkokoteni. Akapewa koleo. Kwa saa tatu alikoroga saruji, mifuko yote minane ikajaa vumbi, na jua lile lile alilolihubiri asubuhi likayakausha majiko.

Alirudi Kisumu Ndogo akihema. Akina mama waliyahesabu majiko, wakayagonga, wakaridhika. Okeyo akamrudishia kitambulisho baada ya kulisoma jina lake kwa sauti, mara mbili, ili wote walisikie.

Risper alikuwa tayari anapepea jiko lake. Akamsogezea kigoda.

"Inaitwa hewa ya ukaa, si ya kukaa," alimwambia. "Tulifunzwa kwa chama cha akina mama mwaka jana. Lakini wewe umeeleza poa, hasa hiyo ya blanketi. Sasa kaa. Kukaa ni bure. Omena ndio unalipa."

Shivachi akakaa. Njaa ilikuwa kali, na omena akailipia.