Mkojo wa Shemeji Evaristo

Jumatatu, 3 Novemba

Mpenzi Nélida,
Daktari Ituarte anahisi haya maumivu yangu ya chini yanaletwa na bakteria waliojificha kwenye tezi dume yangu, pengine kwa miaka. Keshokutwa atanikanda huko (sitaeleza zaidi, hata kaburini wewe ni mwanamke wa heshima), kisha nikojoe kwenye chupa. Atazitazama chembe nyeupe za damu. Zikiwa na alama za vita, basi ni wao, na farasi marufuku. Na gwaride la farasi ni Jumapili! Kaka yako Evaristo keshang'arisha buti. Ati, "Pumzika, shemeji, Milonga nitampanda mimi." Farasi wako! Na blanketi ulilomfumia! Hampandi ng'o.

Jumanne, 4 Novemba

Mpango! Evaristo ana afya ya fahali. Nimeziba choo, nikaweka ndoo, nikamkaribisha chai ya yerba kwenye kibuyu. Si unajua, anayesema asante hapewi kibuyu tena. Evaristo ashindwe na kibuyu? Kamaliza birika mbili, macho yamemtoka. Akasema leo nina ukarimu wa mgombea ubunge. Kisha mbio hadi kwenye ndoo!

Jumatano, 5 Novemba

Nimekandwa. Mungu wangu. Chupa ya mkojo wa Evaristo ilikuwa chini ya joho langu la poncho. Nikamimina kwenye chupa ya daktari. Safi!

Ijumaa, 7 Novemba

Balaa. Alama tele! Daktari hajawahi kuona chembe zenye hasira kiasi hicho. Vidonge, na tandiko nisilisogelee. Kumbe fahali ndiye mgonjwa! Nilinyamaza hadi adhuhuri. Lakini ana pua yako, Nélida. Nikaungama. Daktari alicheka mpaka akakaa chini. Evaristo hakucheka. "Umeniibia mkojo, Hilario? Huna hata haya?" Yeye kapewa vidonge. Mimi nimekandwa upya. Majibu Jumatatu. Hapandi mtu.

Jumapili, 9 Novemba

Milonga alipita bila mpandaji, blanketi lako mgongoni. Mimi na Evaristo tulishika hatamu, huyu huku, huyu kule, tukipigana viwiko. Watu wakavua kofia. Evaristo alilia. Nikampa leso. Hajairudisha.

Jumatatu, 10 Novemba

Mzima! Hakuna alama hata moja! Daktari anasema maumivu ni ya kukaa mno. Kweli, tangu uondoke nashinda kwenye kiti chako kile kigumu.

Evaristo atapimwa tena akimaliza vidonge. Akipona, mwakani atamtaka Milonga. Ila chupa huweza kubadilishwa, na mpokeaji wake pale maabara anapenda sana keki; leo nimempelekea ya kwanza. Safari hii mpango hauna kasoro.

Unikumbuke, Nélida.