Kosa Namba Arobaini na Moja

Jumatatu, 3 Machi
Dada yangu, mpokeaji wagonjwa kwenye zahanati, amenipigia akifoka. Kompyuta imemwambia: "KOSA 41: UFUNGUO RUDUFU." Ameutafuta huo ufunguo kwenye droo zote. Hata chini ya zulia. Nikamweleza maana yake ni kwamba namba ya mgonjwa imeshasajiliwa. Akauliza kwa nini basi haisemi hivyo. Na hifadhidata hiyo, ghala la taarifa za wagonjwa, inatengenezwa na kampuni yetu! Nitairekebisha, liwalo na liwe.

Jumanne, 4 Machi
Nimeandika: "Samahani. Namba hii tayari ina mwenyewe." Tamu hata kwenye masikio. Jirani yangu wa meza, tunayemwita Kobe, amesoma akaguna. Ati kuna programu za wateja zinazosoma yale maneno ya zamani herufi kwa herufi. Ukigusa moja, zinapotea njia. Wivu tu. Mkuu wetu yuko safarini, na paka akiondoka panya hutawala. Toleo jipya limeenda kwa wateja jioni.

Jumatano, 5 Machi
Dada ameisoma samahani yangu, amecheka kwa furaha. Nimepita mbele ya meza ya Kobe mara kadhaa, kifua mbele. Hakuinua kichwa. Inamuuma.

Alhamisi, 6 Machi
Dada tena, asubuhi. Dirisha la dawa limeganda. Programu yake ya kale ilikuwa ikiona UFUNGUO RUDUFU, inafungua jalada la mgonjwa. Sasa inaombwa samahani, haielewi, inanyamaza. Foleni imefika barabarani. Kuna mzee mwenye pumu, amekaa sakafuni anahema.

"Kaka, turudishie lile kosa," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini. Afadhali angefoka.

Kobe naye hakunicheka. Alivuta kiti, akasema mstari wa kwanza ubaki ulivyokuwa, namba na maneno yake. Maneno ya kibinadamu yakae mstari wa pili. Programu husoma wa kwanza, watu watasoma wa pili. Nikamwambia nilikuwa naelekea hapohapo. Tumeandika pamoja. Kabla ya adhuhuri dirisha likafunguka. Mzee amepata dawa, amekwenda kwa miguu yake. Nilijifungia chooni kidogo.

Ijumaa, 7 Machi
Mkuu amerudi, ameniita. Nilitegemea moto. Akasema tu: "Ongeza unachotaka. Ila usiondoe kitu ambacho mtu amekiegemea." Nimetoka mtu mpya. Hata Kobe nimemshukuru, ingawa kwa mkato.

Alasiri nikaona jambo la ajabu. Kwenye hifadhidata, tarehe zetu zinaanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Nani duniani anaongea hivyo? Mkuu ana kikao, Kobe amewahi kwenda nyumbani. Nimezigeuza zote, siku mbele, mwaka nyuma, na toleo limeshaondoka. Tarehe bwana, nani anaegemea tarehe?